Kampuni ya vinywaji inataka kupima uendelevu wa mashamba yetu ya mtama. Tusaini?

Katibu wa Ushirika, Kongwa

Habari za kazi, wanajukwaa. Mimi ni katibu wa chama cha ushirika wa mazao katika kata moja ya wilaya ya Kongwa, na naleta jambo ambalo wanachama wamenitaka niwe nimelielewa kabla ya mkutano wetu ujao.

Kwa misimu mitatu tumekuwa tukiuza mtama mweupe kwa wakala wa kampuni kubwa ya vinywaji, ambayo sitaitaja kwa kuwa mazungumzo nayo bado yanaendelea. Bei hupangwa kabla ya kupanda, mbegu hukopeshwa, na deni hukatwa siku ya kupima mzigo ghalani. Kwa ujumla biashara hiyo haijatutupa, ingawa msimu uliopita malipo yalichelewa kiasi cha watu kuanza kuuza mbuzi.

Mwaka huu wakala amekuja na vijana wawili wenye vishikwambi. Wanataka kila mkulima atembee mpaka wa shamba lake ili ramani ichorwe, kisha ajibu maswali mengi: shamba lilifunguliwa mwaka gani na kabla ya hapo palikuwa na nini, analima kwa jembe la mkono, kwa plau au kwa trekta, mabua anayaacha, anayachoma au anayalisha, ametumia mbolea kilo ngapi, ana miti mingapi, amepiga dawa gani. Mwishoni kuna ukurasa wa kusaini, ambapo mkulima anakubali kwamba taarifa zake zitatumiwa na kampuni "na washirika wake" kwa ajili ya "uendelevu wa mnyororo wa ugavi", na kwamba atafuata kanuni za kilimo zitakazotolewa baadaye. Nimeusoma ukurasa huo mara nne na sikuona mahali palipotajwa fedha.

Wanachama wamegawanyika. Wapo wanaoona kuwa ni mradi umekuja na hauna budi kupokelewa, wapo wanaohofu kwamba ramani ni mwanzo wa kunyang'anywa ardhi. Mzee mmoja aliuliza swali ambalo sikuweza kulijibu: "Kampuni inanunua mtama au inanunua shamba?" Naomba mwenye ujuzi anieleze kwa nini kampuni ambayo kiwanda chake kiko Dar es Salaam ijishughulishe na mabua yangu, na kama inawezekana kusaini kwa masharti.

Mkaguzi wa Hesabu za Kaboni, Dodoma Mjini

Ndugu Katibu, kwa miaka kadhaa kazi yangu imekuwa kukagua taarifa za mazingira ambazo kampuni hutoa kila mwaka, kwa hiyo nitaeleza upande ambao vijana wale wa vishikwambi huenda wenyewe hawakuelezwa.

Hesabu ya gesi zinazoongeza joto duniani, kwa utaratibu wa GHG Protocol unaofuatwa na kampuni nyingi kubwa, imegawanywa katika makundi matatu. La kwanza ni moshi wa kampuni yenyewe, yaani boila, jenereta na magari yake. La pili ni umeme inaoununua. La tatu ni vyote vilivyobaki, na kwa kampuni ya vinywaji vilivyobaki ndivyo vingi: shamba la mtama na la shayiri, kimea kilichonunuliwa, kioo cha chupa, kopo la alumini, lori la kukodi, friji inayonguruma dukani, hata chupa tupu iliyotupwa mtaroni. Kundi hilo la tatu kwa kawaida huyazidi mengine mawili kwa mbali. Kampuni ikiahidi kupunguza uchafuzi wa mnyororo wake wote, haiwezi kutimiza ahadi hiyo kwa kubadilisha taa za kiwandani na kuweka paneli za jua juu ya paa. Inalazimika kufika shambani kwako, na ikifika bila takwimu haina la kuandika. Ndiyo maana mabua yako yana thamani leo ambayo hayakuwa nayo miaka kumi iliyopita.

Swali la mwaka uliofungua shamba lina chimbuko lake pia. Pori likikatwa na kuwa shamba, hewa ukaa iliyotoka katika miti na udongo haihesabiwi kwa mwaka mmoja tu, bali kwa desturi ya wahasibu hawa husambazwa juu ya mazao ya miaka 20. Gunia la mtama lililotoka katika shamba lililofunguliwa juzi kwa kukata miombo linabeba mzigo mzito katika vitabu vya kampuni, ilhali gunia kutoka shamba ambalo babu yako alilima halibebi mzigo huo. Tena Septemba 2022 mpango wa SBTi, unaothibitisha malengo ya kampuni kuhusu tabianchi, ulitoa mwongozo wa malengo ya misitu, ardhi na kilimo, unaozitaka kampuni zenye uchafuzi mkubwa wa mashambani ziuweke katika malengo yake na ziahidi kutonunua mazao yatokanayo na ukataji wa misitu. Kwa hiyo ukijibu kwamba shamba lako ni la miaka 30 na ramani ikathibitisha, umeipa kampuni kitu ambacho mkaguzi kama mimi angekidai.

Mzee aliyeuliza swali nampa jibu hili: kampuni inanunua mtama kwa fedha, na sasa inaomba hesabu ya shamba bure. Kuomba si kosa. Hoja ni kwamba hesabu hiyo ni bidhaa ya pili inayotoka katika shamba lile lile, na mwenye kuizalisha ni mkulima.

Kuhusu hofu ya ardhi, ramani ya kishikwambi si hatimiliki na haimpi kampuni haki yoyote juu ya shamba. Hata hivyo, jina, namba ya simu na mipaka ya shamba ni taarifa binafsi, na tangu tarehe 1 Mei 2023 tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, Namba 11 ya mwaka 2022, pamoja na Tume yake ambayo makao yake yako hapa hapa Dodoma. Anayekusanya anapaswa kueleza madhumuni ya kukusanya, na mwenye taarifa ana haki ya kujua zinatumikaje na ya kuondoa ridhaa yake. Maneno "na washirika wake", bila kuwataja washirika hao, ningeyakataa mara moja.

Jambo la mwisho kwa leo. Kama kata yenu iko katika mazungumzo na mtu yeyote wa biashara ya kaboni, yaani kuuza hesabu ya hewa ukaa iliyohifadhiwa, simamisheni kwanza hadi muelewe. Tani moja ya hewa ukaa iliyohifadhiwa katika shamba haiwezi kuuzwa kwa mnunuzi wa kaboni na wakati huo huo ikahesabiwa na kampuni ya vinywaji kuwa ni punguzo katika mnyororo wake, kwa sababu hapo inakuwa imehesabiwa mara mbili. Nchini tunazo Kanuni za Biashara ya Kaboni za mwaka 2022 na kituo cha taifa cha kufuatilia kaboni kilichopo Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA), Morogoro, nao wataliuliza jambo hilo. Mkulima akisaini karatasi ya kampuni bila kusoma, anaweza kukuta amefunga mlango ambao hakujua kama upo.

Bwana Shamba Mstaafu

Mwanangu Katibu, salaam. Nilianza kazi ya ugani wakati mradi wa HADO (Hifadhi Ardhi Dodoma) ukiwa bado unahangaika na makorongo ya Kondoa, na nimelima Kongwa baada ya kustaafu, kwa hiyo nitazungumzia shamba na kuwaachia wengine vitabu.

Nyinyi wa Kongwa mna kumbukumbu ambayo wilaya nyingine hazina. Mwaka 1947 Waingereza walileta matrekta wakafyeka pori ili kulima karanga, kwa mpango uliochorwa London na watu walioamini kuwa udongo ni udongo. Mvua haikuja walivyoitarajia, udongo wenye mfinyanzi ukakauka ukawa kama sakafu, karanga hazikung'oleka, na kufikia mwaka 1951 mpango ulikuwa umeachwa baada ya kumeza mamilioni ya pauni. Sehemu ya ardhi ile leo ni ranchi. Simaanishi kwamba karatasi hii ni mpango wa karanga. Nasema kwamba "kanuni zitakazotolewa baadaye", zikitolewa na mtu asiyejua udongo wa Kongwa, zitakutana na sakafu ile ile.

Chukua suala la mabua. Kanuni yoyote ya kilimo hifadhi itakuambia uyaache shambani yafunike udongo, na kitaalamu ni kweli kabisa. Lakini hapa kwetu, mavuno yakiisha, mashamba ni malisho: ng'ombe wako wanapita kwangu na wangu wanapita kwako, na hakuna aliyewahi kumshtaki mwenzake. Mkulima mmoja akisaini kwamba ataacha mabua, atayaacha na jirani atayalisha. Ahadi hiyo haiko mikononi mwake, iko mikononi mwa kijiji. Ama muwe na sheria ndogo ya kijiji inayotenga baadhi ya mashamba kwa miezi fulani, ama kampuni ikubali kwamba samadi itakayorudi shambani ihesabiwe badala ya mabua. Msimruhusu mtu asaini jambo ambalo mbuzi wa jirani anaweza kulivunja usiku.

Chukua maji. Mvua ya Dodoma ni kama milimita 550 hadi 600 kwa mwaka, zote katika msimu mmoja. Milimita 550 juu ya ekari moja ni lita milioni mbili na laki mbili. Ukivuna magunia manne ya kilo mia, ambayo kwa wengi wetu ni mavuno ya kawaida, kila kilo ya mtama imegharimu lita 5,500 za mvua. Kiwanda kinachojivunia kutumia lita tatu za maji kwa lita moja ya bia kinasema kweli, lakini maji mengi ya bia hiyo yalikwisha kutumika huku kwetu kabla lori halijapakia. Na sehemu kubwa ya hizo lita milioni mbili hata mtama haukuzinywa: zilikimbia kwenda korongoni zikiwa zimebeba udongo, au zilipaa na jua. Ukizizuia, mavuno yanaongezeka bila tone moja la ziada.

Namna ya kuzizuia tunaijua. Kuna makinga maji, kuna matuta yaliyofungwa, na kuna mashimo ya Chololo, yaliyopata jina kutoka kijiji cha Chololo hapa Dodoma, ambayo huchimbwa kwa nafasi ya sentimita 60 kwa 90, kila shimo likawekwa samadi na kushika maji. Mashimo hayo yanafanya kazi, nimeyaona. Ila piga hesabu: kwa nafasi hiyo ekari moja inahitaji mashimo kama 7,500. Mwenye nguvu, akichimba mashimo mia mbili kwa siku, atamaliza ekari moja kwa zaidi ya mwezi, tena kiangazi, udongo ukiwa mgumu. Sasa linganisheni na kuberega, ambako mtu anafyeka, anachoma na kupanda bila kukatua, na ekari kadhaa zinakwisha kabla ya mvua. Mkulima anaberega kwa sababu mikono ya nyumba ni michache na mvua haisubiri, uvivu haumo. Ikiwa kampuni inataka kuandika kwamba wakulima wake wanavuna maji, ilipie mashimo, angalau mwaka wa kwanza, kwa sababu shimo likishachimbwa hutumika misimu kadhaa.

Kuna hesabu nyingine ambayo sijaiona katika fomu yoyote. Tani moja ya mtama inaondoka shambani na takribani kilo 16 za naitrojeni, sawa na kilo 35 hivi za mbolea ya urea, pamoja na fosforasi na madini mengine. Zamani mtama uliliwa nyumbani na rutuba ikarudi kwa njia ya samadi na majalala. Leo unakwenda Dar es Salaam. Wanga unakuwa bia, na protini inabaki katika machicha, ambayo wafugaji wa ng'ombe wa maziwa na nguruwe wa Dar na Pwani wanayagombea. Machicha mabichi ni maji kwa sehemu kubwa, hivyo kuyarudisha kwa lori hadi Kongwa hakuna maana. Lakini kampuni inayoandika kwamba hakuna kinachopotea kiwandani kwake, kwa kuwa machicha yote yanakuwa chakula cha mifugo, inapaswa kukumbuka kwamba kuna udongo unaopungukiwa kilomita 400 kutoka hapo. Udongo ukichoka, kiduha, lile gugu linalonyonya mizizi ya mazao, kinaingia, na kiduha kikishaingia katika mtama, mwanangu, hakuna ramani itakayokusaidia.

Kuhusu miti nitasema kwa ufupi, maana ndilo jambo jepesi. Msikubali kugawiwa miche ya kupigiwa picha ambayo itakufa mwezi wa nane. Visiki vilivyomo mashambani vina mizizi tayari. Chagueni machipukizi mawili au matatu kwa kila kisiki, pogoeni mengine, wekeni alama ili mchungaji ajue, na yatakua. Watu wengi Dodoma sasa wanaiita njia hii kisiki hai, na haigharimu chochote isipokuwa uangalizi.

Mkulima wa Bahi

Wazee wangu, shikamooni. Mmeeleza vizuri, ila mmemsahau mla mtama wa kwanza, naye ni ndege aitwaye kwelea kwelea.

Kampuni inataka mtama mweupe usio na tanini kwa sababu tanini inaharibu kazi ya kutengeneza bia na kuacha uchungu. Kwelea naye anapenda mtama huo huo kwa sababu hiyo hiyo. Mtama mwekundu wa bibi zetu ulikuwa mchungu kidogo mdomoni, lakini ndege waliuacha hadi wamalize wa jirani. Kwa hiyo mkataba wa mtama mweupe, pamoja na uzuri wake wote, umetuongezea kazi ya kuamia, yaani kufukuza ndege shambani, kuanzia alfajiri hadi magharibi kwa wiki kadhaa, na kila mtu hapa anajua ni nani hupanda ulingoni na kombeo wakati watu wazima wana kazi nyingine. Walimu wanajua vizuri zaidi.

Kwelea mmoja hula kiasi cha gramu kumi kwa siku. Kundi la milioni moja, na Bahi tunayaona makundi hayo kwenye matete na miiba ya mbugani, linakula tani kumi kila siku. Yakizidi, serikali huleta ndege ya kunyunyiza sumu jioni yanapolala, na sumu inayotumika kwa kawaida ni fenthioni. Inaua kwelea, na inaua pia bundi na mwewe wanaokuja kula mizoga, na wapo watu wanaookota kwelea waliokufa ili wale. Mwaka 2025 nchi wanachama wa Mkataba wa Rotterdam ziliiweka fenthioni ya aina hiyo inayonyunyizwa kwa ndege katika orodha ya kemikali ambazo nchi haiuziwi bila kuarifiwa kwanza na kuridhia. Haijapigwa marufuku, lakini imewekewa alama.

Sasa tazama fomu ya Katibu. Inamuuliza mkulima dawa gani amepiga. Atajibu kwa haki kabisa kwamba hakupiga chochote, na kampuni itaandika kwamba mtama wake umelimwa bila viuatilifu. Sumu ya angani haimo katika hesabu ya mkulima wala ya kampuni, ingawa ilikuja kwa sababu ya mtama ambao kampuni iliuchagua. Ningependa kuona mkataba unaoweka fungu la kuamia, yaani posho kwa watu wazima wa kulinda mashamba kwa zamu, na nyavu kwa mashamba ya mbegu. Mzee Bwana Shamba, kuhusu miti nakubaliana nawe, ila vichaka vya miiba vilivyo karibu na mtama ndivyo vitanda vya kwelea, na hilo mliseme kwa wanaohesabu miti kutoka angani.

Mama wa Zabibu, Hombolo

Katibu, pole na kazi. Mimi silimi mtama wa kuuza, nalima zabibu, lakini karatasi kama yako niliwahi kuisaini kwa mnunuzi mmoja wa zabibu, ambaye naye sitamtaja.

Tuliombwa tuache kumwagilia kwa mifereji na tuweke mipira ya matone, jambo ambalo kwa hapa ni la busara, maana zabibu huvunwa mara mbili kwa mwaka na mvuno wa kiangazi unategemea maji ya kuvuta. Nilikopa nikaweka mipira. Maji yamepungua kweli, na bili ya dizeli imeshuka. Baada ya mwaka mmoja nilioneshwa kijitabu chenye picha ya shamba langu, na maelezo kwamba mnunuzi ameokoa maji ya wilaya. Bei ya kilo ilikuwa ile ile. Mkopo ninaulipa mimi hadi leo. Sijutii mipira, najutia kwamba sikuuliza, siku ya kusaini, maji yaliyookolewa yataandikwa kwa jina la nani.

Nyinyi wa mtama mna neema moja: hamvuti maji ya ardhini. Sisi tulio jirani na Makutupora, ambako visima vyake vinanywesha jiji zima, tunajua maji ya chini yanavyogombewa tangu serikali ihamie Dodoma. Kampuni nyingi hupima maji kuanzia kwenye lango la kiwanda. Heineken, kwa mfano, imejiwekea lengo la kufikia wastani wa hektolita 2.6 za maji kwa kila hektolita moja ya bia ifikapo 2030 katika viwanda vilivyo sehemu zenye uhaba wa maji, na hilo si dogo, lakini ni kipimo cha kiwandani. Zao lisilohitaji kisima katika mkoa wenye ukame ni sifa inayostahili kuandikwa katika mkataba wenu kwa maneno na kulipiwa, wala isichukuliwe kama zawadi ya Mungu kwa kampuni.

Mnunuzi wa Nafaka, Kibaigwa

Nasema jambo ambalo halitapendwa. Mtama unalimwa Singida, Shinyanga, Simiyu na kwingineko, na wakala ana lori. Mkirudisha fomu ikiwa na masharti ishirini, msimu ujao hamtamwona, na mtabaki kuja kwetu sokoni, ambako hakuna anayeuliza miti mingapi lakini bei inapangwa asubuhi na kubadilika mchana, na rumbesa mnaijua. Isitoshe, wakulima wenyewe si malaika. Nimeona mtama wa mkataba ukiuzwa kando usiku kwa sababu bei ya soko ilipanda kwa shilingi hamsini. Kampuni nayo ina la kulalamika.

Mkaguzi wa Hesabu za Kaboni, Dodoma Mjini

Ndugu wa Kibaigwa ana haki katika suala la kuuza kando, na chama kisilikwepe. Lakini katika suala la kampuni kuondoka naona vingine. Kabla ya ramani, wakulima wote wa mtama walikuwa sawa mbele ya mnunuzi, naye angeweza kuhama kwa siku moja. Baada ya kulipia vijana, vishikwambi, mafunzo na ukaguzi, mkulima aliyekwisha kupimwa, ambaye shamba lake ni la zamani na historia yake inajulikana, si rahisi kuachwa, kwa sababu kuanza upya Simiyu ni gharama na mwaka wa lengo uko karibu. Nguvu yenu ya kujadiliana ipo sasa, kabla ya kusaini. Masharti yawe machache, hapo nakubaliana naye: manne au matano yanayoeleweka.

Tena yawe katika mkataba wa ununuzi, wala msitegemee ahadi za kwenye tovuti. Ahadi za hadharani hubadilika. Mwaka 2022 Coca-Cola ilitangaza kwamba ifikapo 2030 angalau asilimia 25 ya vinywaji vyake duniani vitauzwa katika vyombo vinavyorejeshwa na kutumika tena. Desemba 2024 ikatangaza malengo mapya ya hadi 2035, na lile la vyombo vya kurejesha halikuwamo. Hakuna mahakama iliyoweza kuulizwa. Kwa sisi tuliokua tukirudisha kreti ya chupa za soda dukani kabla ya kupewa nyingine, hili lilisikitisha kidogo, maana mfumo ambao dunia inausifu leo ndio ule ambao chupa za plastiki ziliuondoa mitaani kwetu.

Katibu wa Ushirika, Kongwa

Nawashukuru nyote, na samahani kwa kukawia. Mkutano umefanyika, na nimetakiwa nirudishe mrejesho hapa.

Nilisoma majibu yenu kwa sauti, hadi lile la Kibaigwa, ambalo lilizua kelele kuliko mengine. Tulikubaliana kurudisha karatasi ikiwa na masharti matano. Washirika wa kampuni watajwe kwa majina. Kila mkulima apewe nakala ya ramani yake iliyochapishwa, na chama kipewe nakala ya zote. Maneno "kanuni zitakazotolewa baadaye" yabadilishwe yasomeke "kanuni zitakazokubaliwa na mkutano wa chama kabla ya msimu". Anayechimba mashimo au kutengeneza makinga maji alipwe kwa ekari katika mwaka wa kwanza. Na lipo fungu la kuamia, kwa watu wazima pekee. Suala la mabua tumelipeleka serikali ya kijiji, kwa sababu Bwana Shamba ametushawishi kwamba si la mkulima mmoja. Upande wetu tumeahidi kwamba atakayeuza kando atatolewa katika mkopo wa mbegu kwa misimu miwili, na kijana mmoja alitoka nje wakati wa kupiga kura.

Wakala alisoma karatasi akiwa amesimama karibu na mzani. Majina ya washirika na nakala za ramani alikubali pale pale. Suala la kanuni na la malipo ya mashimo alisema atayapeleka Dar es Salaam, na ameahidi jibu kabla ya mwezi wa kumi na moja, jambo linalotufaa kwa kuwa mashimo huchimbwa kabla ya mvua. Fungu la kuamia alilikataa, akisema ndege ni kazi ya serikali. Nilimuuliza kama kampuni ingekubali tupande robo ya ekari za mtama mwekundu pembezoni mwa ule mweupe, angalau kwa majaribio, akasema hajawahi kuulizwa swali hilo na ataliandika. Kama yupo mwenye uzoefu wa mpangilio huo, hasa kama ndege wanadanganyika au wanauruka ule mwekundu na kuingia katikati, naomba aandike hapa, maana mbegu inabidi tuiagize mapema.

Mzee aliyeuliza swali la kwanza ametembea mpaka wa shamba lake pamoja na kijana wa kishikwambi, akimwonesha mti mmoja mmoja kwa jina la Kigogo. Hajasaini bado. Anasubiri nakala yake ya ramani.